Bando likiisha, mauzo yanajirudia: kisa cha programu ya Java kwenye kaunta ya duka

Simu ya kwanza haikuhusu programu. Ilihusu fedha. Mwenye duka moja la vifaa vya ujenzi Morogoro mjini alinipigia jioni akaniambia dada wa kaunta namba mbili amepungukiwa tena, mara ya tatu mwezi huo, na safari hii ameshamkata mshahara. Alichotaka kwangu ni kitu kimoja: nimtengenezee skrini ya kuonyesha nani kauza nini na saa ngapi, "ili nimshike vizuri."

Programu ya mauzo ya duka lile niliiandika mwenyewe. Java 8, skrini za Swing (maktaba ya Java ya kuchora madirisha), hifadhidata ya MySQL 5.7, kompyuta tatu za kaunta na moja ya seva ofisini kwa mzee, zote zimefungwa kwa waya kwenye ruta moja yenye laini ya simu. Ilikuwa imekaa miaka miwili bila kelele kubwa. Basi nikaanza kuandaa ile ripoti nikiwa na hakika, Mungu anisamehe, kwamba namsaidia mzee kumtafuta mwizi.

Ripoti yenyewe ndiyo iliyonigutusha. Siku mojawapo ya upungufu, kaunta namba mbili ilikuwa imeuza mifuko 20 ya saruji saa 8:14 mchana. Chini yake, mifuko 20 tena, saa 8:14. Kisha 20 nyingine, saa 8:14. Kisha 20, saa 8:15. Wateja wanne wamefuatana, kila mmoja anataka mifuko 20 kamili, na wote wamehudumiwa ndani ya dakika moja na dada mmoja? Hata siku ya kumwaga zege mtaa mzima haliendi hivyo.

Duka la ukubwa ule haliwezi kukosa mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na ya pale ilikuwa imekaa pembeni, haijaungwa na programu yangu. Dada anaingiza mauzo kwenye kompyuta, karatasi ya kutolea mzigo inatoka kwenye printa kwenda stoo, kisha anapiga risiti ya EFD kwa mkono. Nikamwomba mzee anipigie picha ripoti ya Z ya siku ile, yaani ile ya EFD ya jumla ya mauzo ya siku. Kwa jumla ile, mauzo ya mifuko 20 yalihesabiwa mara moja tu. Programu ilizidi Z kwa mauzo matatu, barabara, bila shilingi kubaki.

Hapo nikanyamaza kidogo. Mtu anayeiba kaunta anauza bila kuingiza. Hakuna mwizi anayeingiza mauzo hewa ambayo jioni atadaiwa yeye mwenyewe.

Nikaomba nizungumze na dada. Maneno yake nayakumbuka karibu yote. "Kaka, ile programu inaganda. Nabofya Uza, kimya. Nabofya tena, kimya. Mteja ananiangalia. Halafu ikizinduka inatoa makaratasi matatu, manne, mimi nachukua moja hizo nyingine nazichana." Nikamuuliza inaganda lini. Akajibu bila kufikiri: "Bando likiisha."

Hilo la bando nililipuuza, na ndilo kosa langu kubwa katika kisa hiki kizima. Nilimweleza kwa upole, kama mtaalamu, kwamba programu haitumii intaneti hata kidogo, seva iko ofisini kwa mzee, hatua kumi kutoka alipokaa. Akasema, "Sawa kaka," kwa ile sauti ya mtu aliyeamua kutobishana.

Malalamiko ya kuganda hayakuwa mapya. Miezi ya nyuma nilikuwa nimeshayapokea nikayajibu kama tunavyojibu wengi wetu: tuliongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8. Niliweka faharasa (index) ya kuharakisha utafutaji kwenye safu ya jina katika jedwali la bidhaa. Fundi alibadilisha waya wa kaunta namba mbili. Kila dawa ilifanya kazi kwa siku kadhaa, maana tatizo lenyewe lilikuwa la kuja na kuondoka. Kwenye kompyuta yangu ya Dar halikutokea hata mara moja, kwa kuwa seva na programu vilikuwa kwenye mashine ileile.

Nikajaribu kuangalia kwa mbali. Hapo ndipo kisa kinapochekesha kidogo: ili niingie kwenye kompyuta ya duka kutoka Dar, intaneti ya duka lazima iwepo. Na intaneti ikiwepo, programu inapaa. Wiki mbili nilikaa nikiitazama inafanya kazi vizuri. Mwisho nikapanda basi hadi Msamvu, stendi ya Morogoro.

Nilibeba fleshi yenye JDK, vifaa vya kutengenezea programu za Java. Kompyuta za duka zilikuwa na JRE peke yake, ya kuziendesha tu, na zana ninayoihitaji, jstack, inayoonyesha programu imesimama wapi, huja na JDK. Mwenye programu dukani kwa watu asiache kuwa na hiyo fleshi, ya toleo lilelile na ya biti zilezile na Java iliyofungwa pale, vinginevyo jstack huenda ikagoma kuongea na programu inayoendesha.

Saa nne asubuhi, wateja wachache, nikachomoa laini kwenye ruta. Dada akanitazama, hakusema neno. Nikaandika "saruji" kwenye kisanduku cha kutafutia.

Skrini ikaganda. Hakuna herufi hata moja iliyoonekana. Kiashiria cha kipanya kinatembea, dirisha halijichori upya. Angalia kitu kimoja ambacho kilikuwa kimenipoteza siku zote: Windows haikuandika popote kwamba programu haijibu. Sababu ni kwamba katika Java anayepokea ujumbe kutoka Windows ni uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu), unaoitwa AWT-Windows, na anayeshughulikia mibofyo na kuchora ni uzi mwingine. Wa kwanza ulikuwa mzima, unapokea kila mbofyo na kuuweka foleni. Wa pili ndio uliokwama. Kwa macho ya Windows, programu ilikuwa hai.

Nikafungua dirisha la amri, nikaandika jps -l kupata namba ya programu, kisha jstack na namba hiyo. Mara tatu, nikipumzika sekunde mbili katikati. Picha moja haitoshi, kwa sababu uzi unaofanya kazi kihalali nao utaonekana umesimama mahali fulani. Zikifanana zote tatu, hapo una jambo. Zilifanana. Nimepunguza mistari:

```
"AWT-EventQueue-0"
   java.lang.Thread.State: RUNNABLE
    at java.net.SocketInputStream.socketRead0(Native Method)
    at com.mysql.jdbc.MysqlIO.readFully
    at com.mysql.jdbc.MysqlIO.doHandshake
    at com.mysql.jdbc.ConnectionImpl.connectOneTryOnly
    at java.sql.DriverManager.getConnection
    at duka.Hifadhidata.unganisha
    at duka.SkriniMauzo.tafuta
    at duka.SkriniMauzo$1.insertUpdate
    at javax.swing.text.AbstractDocument.fireInsertUpdate
    ...
    at java.awt.EventDispatchThread.run
```

Isome kutoka chini kwenda juu. Uzi wa matukio wa Swing umeanza. Herufi imeingia kwenye kisanduku. Msimbo wangu wa kutafuta umeitwa. Umefungua muunganisho mpya wa hifadhidata. Muunganisho unasubiri salamu ya kwanza ya seva. Na unasubiri, na unasubiri. Neno RUNNABLE pale juu lisikudanganye. Java huliandika kwa uzi wowote ulio ndani ya msimbo wa mfumo wa uendeshaji, hata kama umelala unangoja baiti kutoka kwenye waya. Nimeshaona mtu akiliona neno hilo akaenda kutafuta kitanzi kisichoisha, akapoteza siku nzima.

Makosa yalikuwa mawili, na ni vema yasichanganywe, kwa sababu kila moja peke yake lingevumilika.

La kwanza ni langu la usanifu. Swing ina uzi mmoja tu wa kushughulikia skrini. Ni kama dada wa kaunta ambaye mteja akiagiza mifuko anaacha kiti, anaenda stoo mwenyewe, anabeba mfuko mmoja mmoja. Akiwa stoo, kaunta haina mtu. Wateja wanapanga foleni, hakuna wa kuwaambia hata "subiri". Nilikuwa nimeupeleka uzi wa skrini stoo, tena kwa kila herufi: kila kibonyezo kwenye kisanduku cha kutafutia kilifungua muunganisho mpya, kikauliza, kikafunga. Neno "saruji" lina herufi sita. Safari sita za stoo.

Intaneti ikiwepo, kila safari ilichukua muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Ndiyo maana kosa likaishi miaka miwili.

La pili lilikuwa kwenye seva. Nilikwenda ofisini kwa mzee, nikaingia MySQL na kuandika SHOW PROCESSLIST huku kaunta ikiwa imeganda. Kulikuwa na mstari wenye mtumiaji anayeitwa "unauthenticated user". Yaani mgeni amefika mlangoni, seva haijamuuliza hata jina lake. Inafanya nini muda wote huo? Inatafuta jina la kompyuta yake. MySQL, isipoambiwa vinginevyo, ikipokea mgeni kutoka 192.168.1.12 huuliza DNS, huduma ya kulinganisha majina na anwani, anwani hii inaitwaje, ili iweze kulinganisha na ruhusa zilizoandikwa kwa majina ya kompyuta. DNS ya duka ilikuwa ile ruta, na ruta hupeleka maswali nje. Bando likiwepo, jibu linarudi papo hapo: hakuna jina kama hilo. MySQL inalihifadhi jibu hilo, mgeni wa pili haulizwi tena. Bando likiisha, swali linatoka halirudi. Seva inangoja mpaka ichoke, inamruhusu mgeni aingie, na jibu haihifadhi, kwa kuwa kushindwa kwa namna hiyo inakuhesabu ni kwa muda tu. Mgeni anayefuata anaanza upya.

Kwa saa ya simu yangu kila muunganisho ulichukua kama sekunde kumi. Herufi sita, dakika nzima. Kitufe cha Uza nacho kilifungua muunganisho wake, sekunde kumi nyingine, bila hata kuonekana kimezama kilipobofywa, kwa kuwa kuzama kwa kitufe nako ni mchoro na mchoraji yuko stoo. Dada anabofya tena. Mibofyo yote inakaa kwenye foleni, haipotei. Uzi ukirudi unaichukua mmoja mmoja: uza, uza, uza, uza.

Na kwa nini mbofyo wa pili ukute bado kuna cha kuuza? Kwa sababu niliacha bidhaa zibaki kwenye skrini baada ya mauzo hadi mtu abofye "Mteja mpya". Niliona ni wema, dada aweze kutoa nakala ya karatasi mteja akiipoteza.

Dada alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, neno kwa neno.

Matengenezo ya siku ile yalikuwa mstari mmoja. Kwenye faili la my.ini, chini ya [mysqld]:

```
skip-name-resolve
```

Nikawasha seva upya, kaunta zote tatu zikaanza kupaa huku laini iko mfukoni mwangu. Lakini kompyuta ya mzee, ambayo ndiyo seva yenyewe, ikakataliwa kuingia. Hilo nililijua kinadharia na bado likanikamata. Ukizima utafutaji wa majina, ruhusa zilizoandikwa kwa jina la kompyuta hazifanyi kazi tena, na 'localhost' nayo ni jina: programu inayoingia kwa TCP kutoka 127.0.0.1 haitambuliwi tena kuwa ndiyo localhost. Ikanibidi nitoe ule mstari, niwashe upya, nitengeneze mtumiaji wa '127.0.0.1' na wa '192.168.1.%', kisha niurudishe. Ukifanya hivi kwako, anza na watumiaji, mstari ufuate. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu akihesabu dakika.

Ningeweza kuishia hapo. Duka lingekuwa na raha, nami ningerudi Dar na basi la saa tisa. Ila kesho waya ukilegea, au seva ikianza kusasisha Windows mchana, kaunta itaganda vilevile na mibofyo itajipanga vilevile. Nikalala Morogoro siku mbili.

Nilianza na mauzo kujirudia, kwa sababu hapo ndipo mtu alipoumizwa. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kukizima kitufe mwanzoni mwa kazi na kukiwasha mwishoni. Jaribu: setEnabled(false) mstari wa kwanza, hifadhi, setEnabled(true) mstari wa mwisho, yote ndani ya mbofyo mmoja kwenye uzi wa skrini. Haizuii kitu. Mibofyo iliyojipanga haisomwi mpaka mbofyo wa kwanza umalizike, na ukimalizika kitufe kimeshawashwa tena. Inaikuta milango wazi. Kuzima kitufe kunafaa pale tu kazi inapokwenda kwenye uzi mwingine, ili uzi wa skrini ubaki huru kuisoma ile mibofyo ya haraka haraka na kuitupa kwenye kitufe kilichozimwa.

Hivyo ndivyo SwingWorker, "mfanyakazi" anayeifanya kazi kwenye uzi mwingine, inavyosaidia, na imo ndani ya Java yenyewe tangu Java 6, hakuna cha kupakua:

```java
private void uza() {
    btnUza.setEnabled(false);
    final Mauzo mauzo = kusanyaKutokaSkrini();

    new SwingWorker<Long, Void>() {
        @Override
        protected Long doInBackground() throws Exception {
            return hifadhidata.hifadhi(mauzo);
        }

        @Override
        protected void done() {
            try {
                onyeshaNamba(get());
            } catch (InterruptedException e) {
                Thread.currentThread().interrupt();
            } catch (ExecutionException e) {
                onyeshaKosa(e.getCause());
                btnUza.setEnabled(true);
            }
        }
    }.execute();
}
```

Mambo mawili ndani yake ni rahisi kupitwa. kusanyaKutokaSkrini inaitwa kabla ya mfanyakazi kuanza, bado tuko kwenye uzi wa skrini. Ndani ya doInBackground usiguse kisanduku, jedwali wala lebo yoyote, hata kusoma tu. Lingine ni get(). Katika rasimu yangu ya kwanza sikuiita, kwa kuwa namba ya mauzo sikuihitaji. Nikachomoa waya kujaribu: kitufe kikazima, kikawaka, kimya. Hakuna kosa lililoonekana na hakuna mauzo yaliyohifadhiwa. SwingWorker hulishika kosa la doInBackground na kulikalia mpaka mtu aje kuliuliza kwa get(). Usipouliza, halisemi. Kwa dada wa kaunta hilo lingekuwa baya kuliko kuganda: angempa mteja mzigo ambao hauko popote kwenye mfumo.

Kitufe, kama unavyoona, hakiwashwi baada ya mafanikio. Kinangoja "Mteja mpya". Nakala ya karatasi sasa ina kitufe chake.

Hata hivyo, mlinzi wa kweli nilimweka kwenye hifadhidata. Kila "Mteja mpya" ikibofywa, programu inatengeneza tokeni, alama ya kipekee ya mauzo hayo, kwa UUID.randomUUID(), na jedwali la mauzo lina safu ya tokeni yenye sharti la UNIQUE, yaani isijirudie. Kichwa cha mauzo kinaingizwa kwanza, kupunguza stoo kunafuata, vyote ndani ya muamala mmoja. Tokeni ileile ikija mara ya pili, MySQL inakataa kwa kosa namba 1062, muamala unarudishwa nyuma, na programu inasoma namba ya mauzo yaliyokwisha kuhifadhiwa badala ya kulalamika. Skrini ifanye vituko vyote, mifuko 20 itatoka stoo mara moja.

Tokeni ilinitatulia na jambo la muda wa kusubiri. Dereva ya MySQL kwa Java ina connectTimeout na socketTimeout, na zote mbili kwa kawaida ni sifuri, maana yake subiri mpaka kiama. Hilo ni hatari zaidi ukishatumia SwingWorker, kwa sababu ina nyuzi kumi tu za kazi. Kumi zikikwama, ya kumi na moja inapanga foleni na hakuna kinachoendelea, safari hii kimyakimya huku skrini ikionekana nzima. Niliweka sekunde 5 za kuunganisha na 15 za kusubiri jibu. Tatizo la muda kuisha ni kwamba hakukuambii kama mauzo yalihifadhiwa au la. Pengine yaliingia na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiwa na tokeni huna haja ya kujua. Dada anabofya Uza tena.

Miunganisho niliiweka kwenye HikariCP, maktaba ya kutunza miunganisho, minne kwa kila kaunta, inayofunguliwa mara moja na kutumika tena na tena. Sina mengi ya kusema hapo, ni kazi ya nusu saa na ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza.

Kisanduku cha kutafutia ndicho kilichonichukua alasiri nzima. Kuulizia hifadhidata kwa kila herufi ni utovu wa adabu hata kama iko haraka, kwa hiyo niliweka saa ndogo inayoanza upya kila herufi ikiingia, na inayofanya kazi mtu akinyamaza kwa milisekunde 300:

```java
private final Timer tulia = new Timer(300, e -> tafuta());
// kwenye konstrakta: tulia.setRepeats(false);
// kila herufi ikibadilika: tulia.restart();
```

Hiyo ni javax.swing.Timer. Kihariri kinaweza kukupendekezea java.util.Timer, ambayo inafanya kazi kwenye uzi wake yenyewe, na utarudi kwenye kugusa skrini kutoka uzi usiohusika.

Kisha nikakuta majibu yanapishana. Niliandika "sar", nikanyamaza kidogo, nikamalizia "uji". Maswali mawili yakaondoka. La "saruji" lilirudi kwanza, skrini ikaonyesha saruji; nusu sekunde baadaye majibu ya "sar" yakafika na kulifunika jedwali. Dada angebofya mstari wa kwanza akidhani ni saruji, kumbe ni kitu kingine. Kumwita cancel(true) yule mfanyakazi wa zamani hakulisimamishi swali la hifadhidata lililokwisha ondoka. Dawa iliyotosha ni namba ya zamu:

```java
final int zamu = ++zamuYaMwisho;
// ...
// mwanzo wa done():
if (zamu != zamuYaMwisho) return;
```

Majibu ya zamani yanafika, yanajikuta yamepitwa, yanaondoka. Hakuna kufuli la aina yoyote, kwa kuwa namba inaongezwa na kusomwa kwenye uzi uleule wa skrini. Huu ndio upande wa Swing kuwa na uzi mmoja ambao watu hawausifii.

Mwisho nikaweka jicho, ili siku nyingine nisihitaji basi:

```java
Toolkit.getDefaultToolkit().getSystemEventQueue().push(new EventQueue() {
    @Override
    protected void dispatchEvent(AWTEvent tukio) {
        long mwanzo = System.nanoTime();
        super.dispatchEvent(tukio);
        long ms = (System.nanoTime() - mwanzo) / 1_000_000;
        if (ms > 500) kumbukumbu.warning(ms + " ms " + tukio);
    }
});
```

Tukio lolote linaloshika skrini zaidi ya nusu sekunde linaandikwa kwenye faili. Litakudanganya mahali pamoja: mbofyo unaofungua dirisha la JOptionPane unahesabiwa haujaisha mpaka dirisha lifungwe, kwa hiyo dada akienda kunywa chai na ujumbe uko wazi utaona dakika kumi na tano zimeandikwa. Nimezoea kuzipuuza. Siku ya pili faili lilikuwa na kitu cha kweli kimoja, zaidi ya sekunde moja kila asubuhi mauzo ya kwanza: programu ikitafuta orodha ya printa za Windows, nayo kwenye uzi wa skrini. Hiyo niliihamishia kwa mfanyakazi wakati wa kuwaka.

Iliyobaki ilikuwa hesabu ya dada. Tulitafuta mauzo yote ya mtu yuleyule, jumla ileile, bidhaa zilezile, yaliyofuatana ndani ya dakika moja, kisha tukalinganisha siku moja moja na ripoti za Z ambazo mzee, kwa bahati, alikuwa ameziweka kwenye boksi. Kila siku ya upungufu ilikuwa na marudio yake, na kaunta namba moja nayo ilikuwa na machache ambayo hayakuwahi kuonekana, kwa kuwa dada wa pale alikuwa akiona karatasi zikitoka nyingi anampigia mzee ayafute. Mzee alizipitia karatasi zote kwa kalamu nyekundu, hakusema mengi. Mshahara uliokatwa ulirudishwa jioni ile, taslimu, mbele yangu.

Kabla sijaondoka dada aliomba ajaribu mwenyewe. Alikwenda kwenye ruta akachomoa laini, akakaa, akaandika "saruji", jedwali likajaa. Akaweka mifuko 20. Akabofya Uza haraka haraka, mara tano au sita, akiwa ameniangalia mimi badala ya skrini. Kitufe kilizima kwenye mbofyo wa kwanza. Printa ikatoa karatasi moja, ikanyamaza. Akangoja kidogo, mkono uko tayari kupokea nyingine.

"Kaka, na haya mauzo ya majaribio unayafuta, si ndiyo? Maana jioni nitadaiwa mimi."

Nikayafuta akiwa anaangalia.